Kikundi cha Ukoo: Mosi-oa-Tunya twende mwezi gani?

Shangazi Zuhura: Assalaam aleikum wote. Safari ya Mosi-oa-Tunya, yaani Maporomoko ya Victoria mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, tuipange Aprili au tungoje katikati ya mwaka? Nasikia Aprili ndipo maji yamejaa.

Idrisa: Waaleikum salaam, shikamoo Shangazi. Yamejaa kweli, na tatizo liko hapohapo. Ukuta wa maji wa mita 1,708 kwa upana na mita 108 kwenda chini ukianguka wote kwa pamoja, manyunyu yanapanda juu sana, kisha yanakushukia kichwani. Ukisimama katikati unaona weupe tu. Mngurumo utausikia, utalowa chapachapa, ila maporomoko yenyewe hutayaona vizuri. Mimi napendekeza mwisho wa Juni au Julai: maji bado mengi, ukungu umepungua.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu.

Mama Nuru: Mbona Aprili? Mvua za huko si huisha Machi?

Idrisa: Maji yanatoka mbali, dada. Zambezi inakusanya mvua za kaskazini-magharibi mwa Zambia na mashariki mwa Angola, halafu inapita tambarare za Barotse. Pale mto unatapakaa na kukawia wiki kadhaa kabla ya kufika mji wa Livingstone, penye maporomoko. Ndiyo maana Novemba, mvua zikiwa zinaanza, mto huwa chini kabisa, pengine sehemu moja ya kumi ya maji ya Aprili.

Rehema: Kwa hiyo Oktoba na Novemba tusiende kabisa?

Idrisa: Mnaweza, ila chagueni upande. Upande wa Zambia ndio unaokauka, pale mashariki mwamba unabaki mtupu. Sababu ni kwamba kitako cha mto kiko juu zaidi upande ule, na juu ya maporomoko kuna mfereji unaochepusha maji kwenda kituo cha umeme. Zimbabwe hamkosi maji mwaka mzima. Mtu akilipia Zambia peke yake Novemba atarudi akisema maporomoko yenyewe hayana lolote, na si kweli.

Mjomba Hamisi: Usafiri sasa. Dar hadi Tunduma kwa basi, mnavuka mpaka kuingia Nakonde upande wa Zambia, mnaendelea Lusaka. Lusaka–Livingstone ni karibu kilomita 480, ondokeni asubuhi mfike mchana. Kumbukeni Zambia wako nyuma yetu saa moja: saa 3 ya Tunduma ni saa 2 ya Nakonde. Wengi wanachanganya hapo wanapopanga basi la kuunganisha.

Mjomba Hamisi: Na wabadilisha fedha wa pale mpakani: hesabuni wenyewe, noti moja moja, kabla hamjatoa shilingi zenu mkononi. Zambia ilitoa noti mpya za kwacha mwaka 2025, kwa hiyo msikubali kubambikiwa za zamani. Kubadilisha benki ni salama zaidi.

Mama Nuru: Na sisi wa Mombasa? Viza?

Mjomba Hamisi: Pasipoti ya Kenya au ya Tanzania haihitaji viza Zambia wala Zimbabwe kwa matembezi. Kitakachowakwamisha nyinyi ni kadi ya manjano, ile ya kuthibitisha chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, hivyo wataiulizia. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia, la sivyo kadi haijaanza kufanya kazi. Ukishachanja, ni ya maisha. Sisi wa Dar pia tuibebe, kuzuia ubishi dirishani.

Shangazi Zuhura: Na mimi na magoti yangu haya?

Idrisa: Shangazi, wewe anzia Zimbabwe. Njia ni tambarare, zinapita msituni mkabala na maporomoko, na unapumzika kila kituo. Ukiwa Zambia usiteremke Boiling Pot. Ni ngazi na mawe yenye utelezi hadi chini ya korongo, na kupanda kurudi ndiko kunakochosha. Daraja la miguu la Knife Edge unaweza, polepole, ukiwa na viatu vya soli yenye meno. Kandambili hapana. Mawe yana ukoga wa kijani na maji saa zote.

Rehema: Picha je? Simu yangu haipendi maji.

Idrisa: Mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, na kitambaa kikavu kiwe ndani ya mfuko mwingine, maana cha mfukoni kitalowa mwanzo. Futa lenzi kabla ya kila picha. Upinde wa mvua hutokea jua likiwa mgongoni mwako: ukiwa Zambia, upande wa mashariki, nenda asubuhi, ukiwa Zimbabwe, nenda alasiri. Mwezi ukiwa mpevu hifadhi hufunguliwa usiku, maana mwanga wa mwezi nao unatoa upinde. Kwa hilo mnahitaji maji mengi na anga safi.

Rehema: Na lile dimbwi la ukingoni wanaloogelea watu?

Idrisa: Devil's Pool. Ni wakati wa maji machache tu, kuanzia Agosti hivi hadi mwanzoni mwa Januari, na lazima uende na waongozaji kutoka kisiwa cha Livingstone. Julai hulipati. Asiyejua kuogelea asiliwaze.

Mjomba Hamisi: Kuvuka kati ya nchi mbili ni kwa daraja la mwaka 1905, mita 128 juu ya mto, kwa miguu mnafika. Anayetaka kusimama darajani tu bila kuingia nchi ya pili aombe uhamiaji kibali cha daraja. Zimbabwe bebeni dola ndogondogo, za 1, 5 na 10, chenji ni shida. Getini toeni pasipoti: wa nchi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, hulipa chini ya wageni wengine, kwa hiyo Watanzania tunapata nafuu, Wakenya hawamo.

Mama Nuru: Tumeelewa kaka. Chakula tubebe?

Idrisa: Msikishike mkononi. Nyani wa pale hunyakua hata mfuko wa plastiki wanaoudhania una ndizi. Kuleni kabla ya kuingia, maji ya kunywa yawe ndani ya begi lililofungwa. Na dawa za malaria muulizeni daktari mapema.

Shangazi Zuhura: Basi ni wiki ya kwanza ya Julai. Kila mtu aangalie pasipoti yake leo: iwe na miezi 6 mbele na kurasa tupu, maana tutagongewa mihuri kwenda na kurudi. Mama Nuru, ulizia chanjo kesho.