Baraka za wazazi kwenye harusi ya Poland: baba hayupo, nani asimame na mama?

BintiSongea
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naolewa mwezi wa nane na kijana wa Kipolandi, kwao ni kijijini upande wa Tarnów, kusini. Ndoa ni ya Kikatoliki na makaratasi ya parokia yamekamilika. Kinachoninyima usingizi ni baraka za wazazi.

Huku, kabla ya kwenda kanisani, maharusi hupiga magoti sebuleni, kwa kawaida nyumbani kwa bibi harusi, na wazazi wa pande zote mbili huwabariki. Mama mkwe ameniambia kwake hicho ndicho kiini cha siku nzima, kuliko hata sherehe. Sasa nyumbani kwetu ni Songea. Baba alishafariki. Mama anakuja, viza imetoka, na anafuatana na baba mdogo. Baba mdogo anasema yeye ndiye amekaa nafasi ya marehemu, kwa hiyo yeye ndiye atakayebariki, mama atakaa pembeni. Mama amenyamaza, lakini namjua mama yangu, ukimya ule si wa kuridhika. Amenilea peke yake tangu niko sekondari. Wakwe nao wanamsubiri yeye.

Nifanyeje bila kumvunjia mtu heshima? Na mama hajui Kipolandi hata kidogo, atasema nini mbele ya watu wote wale na kamera?

Nyawira_Rzeszów
Hongera sana dada. Mimi ni Mkenya, nimeolewa huku, haya yote nimeyapitia.

Kwanza ujue jinsi inavyokwenda. Inawekwa meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili na chombo cha maji ya baraka pamoja na kinyunyizio chake. Chini mnawekewa mto wa kupigia magoti. Mzazi mmoja mmoja anakuja mbele yenu, anasema maneno yake, anawachora ishara ya msalaba kwenye paji la uso, anawanyunyizia maji, mnabusu msalaba, kisha mnainuka na kukumbatiana. Familia nyingi huanza na wazazi wa bibi harusi, halafu wa bwana harusi. Baada yao wanaweza kufuata mababu, mabibi na wazazi wa ubatizo. Watu hulia, wanaume kwa wanawake, usishtuke.

Nyumba isikusumbue. Wengi tuliotoka mbali tumebarikiwa nyumbani kwa bwana harusi na hakuna aliyenung'unika.

Lugha: mama yangu alisema kwa Kikuyu mwanzo hadi mwisho. Tulikuwa tumeandika tafsiri mapema, wifi yangu akaisoma mama alipomaliza, si katikati. Hilo nalisisitiza sana. Mtu anayebariki akikatizwa kila sentensi, baraka inageuka mkutano wa hadhara. Mama yako aseme Kiswahili au Kingoni, kile kinachotoka moyoni. Wakwe watamwelewa usoni kabla ya kusomewa.

BabaWanne
Binti, ngoja kidogo. Mahari ilipokewa na nani? Kama ni baba mdogo, basi huyo ndiye aliyesimama mbele ya ukoo kwa ajili yako. Ukimweka kando ugenini atarudi Songea na neno, na wa kulisikia neno hilo kila siku ni mama yako, si wewe uliyeko Ulaya. Mpe nafasi yenye uzito, na umwambie kabla hajapanda ndege.

BintiSongea
Mzee wangu, ni kweli, mahari alipokea yeye, na ada ya sekondari alisaidia. Sitaki aone nimemtumia tu. Lakini siwezi kupiga magoti siku hiyo mama yangu akiwa amekaa pembeni.

Katekista_Mbinga
Kwa upande wa Kanisa, baraka hii si sehemu ya sakramenti, ni desturi ya nyumbani. Ndoa ni halali hata isipokuwepo, na padre halazimiki kuhudhuria. Tena Kanisa lina ibada yake ya kubariki wachumba, na wazazi wenyewe wanaruhusiwa kuiongoza. Mama kwa ubatizo wake na umama wake anatosha, hahitaji wa kumsemea.

Kwa hiyo mama aanze. Baba mdogo afuate kwa jina la ukoo, pale ambapo wenzetu huwaweka babu na wazazi wa ubatizo. Hapo hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Nyawira_Rzeszów
Naunga mkono. Na kuna nafasi nyingine: mkifika ukumbini mtapokewa mlangoni kwa mkate na chumvi, wazazi wakiwa wamesimama pale. Baba mdogo awe pembeni ya mama hapo, ukumbi mzima utamwona.

Kuhusu marehemu baba, huku aliyefiwa na mzazi huenda kaburini kabla ya harusi, anaweka maua na kuwasha mshumaa. Wengine huweka picha ya marehemu kwenye ile meza. Kaburi liko Songea, basi mama na baba mdogo waende pamoja kabla ya safari, wamwambie marehemu binti yake anaolewa. Ungempigia baba mdogo simu umwombe hilo kwanza, naamini mengine yangekuwa mepesi.

Halafu mwandae mama kwa jambo moja: njiani majirani wanaweza kufunga barabara kwa kamba na kudai vodka ndipo wawaachie mpite. Ni furaha yao, asidhani ni ugomvi.

Meru_Juu
Hongera kutoka Arusha. Mama akikosa la kuzungumza na wakwe mezani, awaeleze habari za Tengeru. Maelfu ya Wapolandi waliohamishwa na Wasovieti wakati wa vita walipitia Uajemi na kupokewa huku kwetu kuanzia 1942, na makaburi yao yapo hadi leo, yanatunzwa. Wakwe wakija Tanzania wapelekeni.

BintiSongea
Asanteni mno. Nimeongea na baba mdogo jana usiku. Nilianza na habari ya kaburi kama alivyosema dada Nyawira. Alinyamaza, kisha akasema ataenda na mama, na yeye ndiye atabeba picha ya kaka yake hadi Poland. Kuhusu mama kuanza, amesema, "Ndivyo ilivyo." Hakuongeza neno, nami sikumsukuma.

Mama anauliza kama anaweza kuja na msalaba wetu wa ukutani, ule aliopewa alipofunga ndoa na baba. Wakwe wameshanunua mpya. Watajisikia vibaya?

Nyawira_Rzeszów
Aje nao. Mwambie mchumba wako amweleze mama yake leo, wawekwe wote wawili mezani, kila mama ashike wake. Na aubebe kwenye mkoba wa mkononi, mizigo ya ndege huchelewa.