Mwaka wa ukame uhesabiwe au ufutwe? Mjadala wa kaboni ya nyanda za malisho

Mkaguzi
Nafungua mada. Kaskazini mwa Kenya mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Wapo wanaotaka miaka kama hiyo ifutwe kwenye hesabu za krediti za kaboni ya udongo (tani za kaboni iliyohifadhiwa ardhini, zinazouzwa kwa wanaotoa moshi), kwa kuwa ni dharura. Mimi nasema ihesabiwe yote. Nyasi zikikosa maji hufunga vitundu vya majani, usanisinuru unakwama, hewa ukaa haiingii. Udongo nao unaendelea kupumua, yaani vijiumbe vyake vinatoa hewa ukaa. Hasara hiyo ni halisi, na aliyeuza tani aibebe.

Mnara
Mkuu, mwanzo umesema sawa, mwisho umeteleza. Udongo mkavu nao hunyamaza. Vijiumbe huhitaji utando wa maji ili chakula kiwafikie. Utando ukikauka, upumuaji unashuka hata kama udongo una nyuzi 45. Joto la Ulaya la 2003 lilionyesha hivyo hivyo. Uzalishaji wa mimea ulishuka kwa takriban asilimia 30, upumuaji nao ukashuka, ila si kwa kiasi hicho. Pengo hilo ndilo lililotoa karibu tani nusu bilioni za kaboni, sawa na kilichohifadhiwa kwa miaka minne.

Kuhusu joto, tusiseme "nyuzi" tu, tutazame kiu ya hewa, yaani pengo kati ya mvuke ambao hewa inaweza kubeba na ule ilio nao. Hewa ya nyuzi 25 hushiba mvuke kwenye kilopaskali (kipimo cha shinikizo) 3.2, ya nyuzi 35 kwenye 5.6. Unyevu ukiwa asilimia 30, kiu inapanda kutoka 2.2 hadi 3.9. Mgunga hubana vitundu vyake hata kama mizizi bado ina maji. Nyasi zetu nyingi za joto huvumilia joto lenyewe vizuri kuliko migunga. Kinachoziangusha ni kukosa maji.

Lakini hasara haitoki wakati wa ukame peke yake. Inatoka pia siku mvua inaporudi. H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi Muguga, hapo hapo nje ya Nairobi, alichapisha jambo hili mwaka 1958, na dunia nzima mpaka leo inaliita kwa jina lake. Udongo uliokauka ukilowa ghafla, vijiumbe vilivyokufa vinakuwa chakula cha vilivyobaki, madonge yanapasuka na kuachia kaboni iliyojificha, vilivyo hai vinatema chumvi na sukari vilizojikusanyia ili visinyauke. Hewa ukaa inapanda ndani ya saa chache, kisha inashuka kwa siku kadhaa. Nyasi zinahitaji wiki moja au mbili kuchipua. Katika siku hizo hakuna anayeirudisha ile hewa.

Chimba30
Sawa, ila hiyo pumzi ya mvua ya kwanza umeipimaje? Kifaa cha kupima hewa ukaa hewani, cha njia wazi, juu ya mnara, kioo chake kikilowa, data inatupwa. Yaani udongo unapofuka mno ndipo usipoona. Usiku upepo ukitulia unatupa tena, kwa kuwa hewa ukaa inalala chini au inateleza bondeni. Mashimo hayo ya data unayaziba kwa modeli iliyojifunza uhusiano wa joto na upumuaji. Modeli hiyo haijawahi kusikia habari za Birch. Halafu mwisho wa mwaka unatuletea namba yenye desimali mbili!

Mnara
Kosa hilo ni la kweli, na dawa yake ipo. Weka vyungu vya kupimia pumzi ya udongo vinavyojifunga vyenyewe, angalau vinne, karibu na mnara. Weka kipima unyevu kwenye sentimita 5, si 30 peke yake, maana mvua ya milimita 10 inaishia juu. Mashimo ya siku za baada ya mvua yazibwe kwa data ya siku za namna hiyo, yasichanganywe na za kawaida. Anayepima kwa mkono kila Jumatatu asidai ameuona mwaka: mvua ikinyesha Jumanne, atafika kilele kimeshapita.

Chimba30
Nakubali. Sasa njoo upande wangu, wa kuchimba udongo na kuupima kaboni maabara. Chukua hekta moja, kina cha sentimita 30: ni mita za ujazo 3,000. Kwa uzito wa tani 1.3 kila mita ya ujazo, ni tani 3,900 za udongo. Kaboni ikiwa asilimia 1, una tani 39. Tuseme ukame umekula nusu tani, yaani tani 1.8 za hewa ukaa. Asilimia 1 imekuwa 0.987. Maabara haiwezi kuiona tofauti hiyo, kwani hatua kumi kando ya shimo la kwanza tofauti ni kubwa kuliko hiyo.

Na ukichimba kiangazi, udongo mweusi umepasuka na bomba linaukoroga. Ukikosea uzito wa ujazo kutoka 1.30 hadi 1.36, umezalisha tani 1.8 za kaboni kwa nyundo tu. Ndiyo maana tulinganishe uzito uleule wa udongo, si kina kilekile. Kwa hiyo "kufuta mwaka" ni lugha ya wanaokadiria kwa picha za setilaiti na modeli. Kwa anayechimba mwaka wa kwanza na wa kumi, ukame umeshahesabiwa, apende asipende.

Malisho
Mnazungumza kama nyasi zikirudi kijani mambo yamekwisha. Nyasi za kudumu zikifa, zinazoota badala yake ni za msimu mmoja, mizizi mifupi, na kati yake vipara. Mizizi ndiyo inayolisha udongo. Deni la 2022 linalipwa 2024.

Na nani alipe? Kanuni za Kenya za 2024 zinataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi, baada ya gharama. Ukame ukihesabiwa wote kama anavyotaka Mkaguzi, ni asilimia 40 ya sifuri, mwaka uleule ng'ombe wanapokufa. Mfugaji amehamisha mifugo kwa ratiba, ameacha malisho ya akiba, kafanya kazi yake.

Mkaguzi
Basi kazi ilipwe kama kazi. Ila aliyenunua tani ili afute moshi wa ndege yake, moshi umeshatoka. Hawezi kupewa jasho la mfugaji badala ya kaboni.

Malisho
Hapo tuko pamoja. Nachodai ni eneo la kulinganishia nje ya mradi, lenye udongo na mvua ileile, na kipima mvua pande zote mbili. Yote mawili yakipoteza sawa, tani zilizopotea zitoke kwenye akiba ya tahadhari ya mradi (krediti zilizowekwa kando kufidia hasara), zisikatwe kwenye malipo ya kijiji.

Chimba30
Akiba hiyo itatosha kweli? Misimu mitano mfululizo nani aliipangia?