Mjadala: Je, ni haki kumfanyia mgonjwa majaribio ya tiba ambayo tayari inatumika?

Ndugu aliyenitangulia ameandika kwamba majaribio ya kitabibu ni ya dawa mpya tu, na kwamba kuwagawa wagonjwa kwa kura kati ya matibabu yaliyozoeleka ni kuwafanya chombo cha utafiti bila sababu. Nauheshimu uchungu wake, lakini sikubaliani naye, kwa kuwa tiba iliyozoeleka inaweza kuua miaka na miaka bila mtu kugundua.

Tuchukue dripu. Mtoto akifikishwa hospitalini na homa kali, mikono ya baridi, na ukucha ambao ukiubonyeza unachelewa kurudisha wekundu wake, mwongozo ulielekeza amiminiwe maji ya mshipani kwa haraka. Maji ya chumvi si dawa mpya. Hata hivyo jaribio la FEAST, lililofanyika katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, liliwagawa watoto zaidi ya 3,000 kwa bahati nasibu, na ndani ya saa 48 walifariki takribani asilimia 10.5 ya waliomiminiwa maji hayo, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiomiminiwa. Waliofuata mwongozo huo usiku na mchana hawakuwa wazembe. Anayesimama kando ya kitanda kimoja hawezi kuiona tofauti ya watoto watatu katika mia, kwani mtoto akifariki husemwa kwamba alicheleweshwa kuletwa.

Upasuaji nao umepimwa hivyo. Katika jaribio la Houston, Marekani, lililochapishwa mwaka 2002, kati ya wagonjwa 180 wa goti wapo waliochanwa ngozi tu, huku daktari akiitisha vifaa na kumwaga maji ili isikike kama operesheni kamili; miaka miwili baadaye, wale waliosafishwa goti kwa operesheni kamili hawakuwa na nafuu kuwazidi waliochanwa ngozi tu.

Mwenzangu ananigusa kwenye ridhaa. Mzazi ambaye mwanawe anahema kwa shida hawezi kusomewa kurasa za fomu, na katika FEAST ilibidi baadhi yao wakubali kwanza kwa mdomo. Jambo hilo linanitia wasiwasi, na ningependa kamati za maadili zidai awepo mtu asiye wa timu ya utafiti pembeni ya mzazi saa hiyo. Lakini wale waliomiminiwa maji kabla ya jaribio, kwa sababu tu mwongozo ulisema, wazazi wao walielezwa na nani kwamba tiba hiyo haijawahi kupimwa kwa watoto kama wao?