Video za chini ya maji: ninunue filta nyekundu au taa?

Habari zenu wakuu. Huwa napiga mbizi na mtungi pale Mnemba, Zanzibar, na narekodi kwa kamera ndogo ya bei chee, zile zinazokuja na kasha la plastiki la kuzuia maji. Juu juu picha inatoka safi kabisa. Nikifika mita 15 kila kitu kinakuwa buluu, matumbawe yamepauka, samaki mwekundu anaonekana wa kijivu. Najua maji hunyonya mwanga mwekundu kwanza, lakini kamera nayo ikiachiwa ipange rangi yenyewe inayumba, mara kijani mara buluu, ndani ya video ileile!

Sasa, nichukue filta nyekundu ya kubandika mbele ya kasha au nijikamue nitafute taa? Filta ni rahisi, ila inakula mwanga, na kamera hizi kwenye giza zinajaza chengachenga. Taa nayo haifiki mbali. Kasa akiwa mita tatu mbele ndiyo basi tena.

Halafu kioo cha kasha kinapata ukungu kwa ndani. Vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vinatosha kweli? Na ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, mnaweka ngapi?