Meza ya cherehani ya kiwandani inayopanda na kushuka: pini, skrubu ya kuzungusha au miguu ya umeme?

MamaSare_Temeke

Wakuu, habari za kazi. Nina karakana ndogo ya sare za shule, cherehani 6 za mshono wa kawaida na overloki 2, zote za kiwandani. Tunafanya kazi zamu mbili. Kinachonisumbua ni cherehani ya tatu kutoka mlangoni. Asubuhi anaikalia binti mrefu, mrefu kweli, anashona shingo imekunjika utadhani anatafuta sindano iliyoanguka. Saa nane mchana anaipokea mama mfupi ambaye mabega yake yanapanda hadi masikioni. Jioni wote wawili wananiomba dawa ya maumivu.

Miguu iliyokuja na cherehani ina nafasi za kupandishia, lakini mpaka ulegeze bolti, mmoja ashike ubao, mwingine alale chini na spana. Tulifanya hivyo siku ya kwanza. Basi, ikawa ndiyo mwisho.

Nataka kutengeneza meza moja ya majaribio, ikifaa nifanye zote. Nimeona njia tatu. Kuna miguu ya skwea paipu (paipu za pembe nne), moja ndani ya nyingine, yenye mashimo na pini. Kuna skrubu ya kuzungusha kwa mkono. Na kuna miguu ya umeme kama ya zile meza za ofisini za kufanyia kazi umesimama, unabonyeza kitufe inapanda. Kichwa cha cherehani, mota ya klachi (ile inayozunguka muda wote ikiwashwa) na ubao kwa pamoja nimekadiria kilo 70. Aliyewahi kutengeneza au kutumia anishauri kabla sijapeleka hela kwa mafundi zikapotea.

Chomelea_Gerezani

Mama, mimi ndiye hao mafundi wenyewe, karibu.

Pini na mashimo ndiyo njia rahisi, ila wengi wanaharibu kwenye kuchagua paipu. Mtu ananunua ya 50 kwa 50 na ya 40 kwa 40, anaingiza, inaingia, anafurahi. Piga hesabu. Paipu ya 50 yenye unene wa milimita 2 ina 46 ndani. Ukiweka ya 40, kuna uwazi wa milimita 3 kila upande. Ukifika juu kwenye ubao uwazi huo umeshazaa, meza inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Na usidhani utapata paipu ya kuingia kwa kubana, kwa sababu ndani ya ile ya nje kuna mshono wa kuchomelea wa kiwandani uliotokeza. Utasaga mpaka uchoke.

Ninachofanya mimi ni kukata vipande vya ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama, kuvisugua hadi unene unaotakiwa, na kuvifunga pande zote 4 kwenye mdomo wa paipu ya nje, na vingine mwisho wa paipu ya ndani. Kisha nachomelea nati mbili nje na kuweka bolti za M10 (unene wa milimita 10) za kubana, kwenye pande mbili zinazopakana, si zinazotazamana. Ukibana hivyo paipu ya ndani inasukumwa kwenye kona na kutulia. Mashimo kila sentimita 2.5, pini ya milimita 12. Pini inabeba uzito, bolti inaua mchezo. Wateja wakinibania bei wanasema toa bolti, pini inatosha. Haitoshi.

Udhaifu wake nausema mwenyewe: kilo 70 bado zinataka watu wawili wa kuinua. Kwa zamu mbili kila siku, watachoka wiki ya pili.

HemaArusha

Mimi nimetumia miguu ya umeme. Tunashona mahema ya safari na viti vya magari, kitambaa kizito. Nilipata fremu yenye mota mbili, karatasi yake inasema inabeba kilo 120, na kweli inabeba. Kuinua hakukuwa tatizo hata siku moja.

Tatizo ni mtetemo. Cherehani ikienda mishono 4,500 kwa dakika, hiyo ni mipigo 75 kila sekunde. Meza ya ofisini ilitengenezwa kubeba kompyuta, na kompyuta haipigi mtu. Ikiwa chini kabisa ilitulia. Nilipoipandisha, miguu ikishachomoza, kuna mwendo fulani, wala si ule wa juu kabisa, ambapo meza nzima inaanza kuimba. Ongeza mwendo, inanyamaza. Punguza, inanyamaza. Rudi pale pale, inaimba. Siku moja kikombe changu cha chai kilisafiri chenyewe kutoka kwenye mti wa nyuzi hadi ukingoni, nikakidaka hewani.

Nilifunga chuma kipana nyuma, chini ya ubao, kuunganisha miguu miwili, ikapungua lakini haikuisha. Halafu umeme ukikatika wakati inapanda, hii yangu ukirudi haikubali amri yoyote mpaka uishushe hadi mwisho kwanza. Hebu fikiria uko katikati ya mshono wa hema la mita 6.

Ila miguu hiyo hiyo nimeihamishia kwenye meza ya kukatia na ni raha tupu. Huko hakuna mtetemo. Mimi nakata kwa sentimita 92, mke wangu anakata kwa 84. Kitufe tu.

Laini_AthiRiver

Kwa heshima zenu, mnaongea miguu ya meza na hakuna mtu ameguza pedali.

Nilishona laini ya jinzi miaka saba kabla nianze yangu. Mota imefungwa chini ya ubao. Pedali iko chini kwa miguu ya meza. Kati yao kuna fimbo ya chuma. Sasa ukipandisha ubao, mota inapanda nao na pedali inabaki. Fimbo inavuta mkono wa mota kwenda chini, na kwa mota hiyo ni sawa na mguu kukanyaga. Nimeona kwa macho yangu mekanika akipandisha meza stima ikiwa imewashwa. Cherehani ilitoka mbio yenyewe, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Vidole havikuwa hapo, bahati tu.

Kwa hivyo zima kwanza, na ungoje. Mota ya klachi huendelea kuzunguka kitambo baada ya kuzima, usidanganyike na taa. Kisha fimbo iwe ya vipande viwili vinavyotelezeana, na kibano chenye nati ya masikio ndio mtu aikaze bila spana. Ukipandisha ubao sentimita 5, unarefusha fimbo sentimita 5. Kuna watu hufunga pedali ining'inie kwa ubao ndio wasiguze fimbo. Halafu kisigino cha mshonaji kinabaki hewani siku nzima. Usifanye hivyo.

Dawa kamili ni mota ya sevo, inayozunguka tu ukikanyaga, yenye pedali ya waya wa umeme, zile hutumika pale watu wanashona wakiwa wamesimama. Hakuna fimbo, pedali inakaa chini popote mtu anataka. Na sevo ni nyepesi sana ukilinganisha na klachi, hizo kilo 70 zako zitashuka.

Turubai_Msa

Mie naona mwajitafutia kazi bure. Meza iwekeni kwa kimo cha yule mrefu, isiguswe tena. Huyo mfupi mpandishieni kiti na kibao chini ya miguu. Mimi nashona vifuniko vya mashua na paa za tuktuk miaka na miaka, meza yangu yakaa juu ya vigogo vinne vya mninga, nimechimba kishimo kila kigogo mguu uingie usiteleze. Haijanidai hata shilingi.

Laini_AthiRiver

Mzee wangu, kibao utakiweka wapi na pedali iko pale pale chini?

Turubai_Msa

Hapo umenishika. Mie nafanya kazi peke yangu, sina wa kumwachia zamu.

Nati_Mwanza

Nimesoma yote, nadhani jibu la mama ni skrubu, ila skrubu inayofungwa vizuri. Nilitengenezea chama cha akina mama meza mbili za namna hiyo.

Kila upande weka mguu mmoja wa paipu mbili, na vile vipande vya plastiki alivyosema Chomelea. Ndani ya kila mguu inasimama fimbo yenye nyuzi ya M20. Nati yake imechomelewa kwenye paipu ya juu, fimbo inazunguka mahali pake, nati inapanda pamoja na meza. Uzuri wa nyuzi za kawaida ni kwamba hazijirudii, ukiachia mkono meza haishuki.

Chini fimbo inahitaji beringi ya kubeba uzito wa kusukuma chini, siyo ya kuzunguka tu. Beringi ya stelingi ya pikipiki inafaa sana, ipo kila duka la spea, na imeundwa kwa kazi hiyo.

Jambo la pili ni kwamba ukizungusha mguu mmoja kisha mwingine, ubao unapinda na paipu zinakwama. Lazima fimbo zote mbili zizunguke pamoja. Nilitumia mnyororo wa baiskeli na frewili mbili (zile gia za gurudumu la nyuma), moja kila fimbo, zimelala. Frewili ukiirudisha nyuma inateleza, inalia tik-tik-tik na haifanyi kitu, kwa hiyo ichomelee ishikane kabisa. Mara ya kwanza nilisahau. Meza ikapanda vizuri mno, watu wakapiga makofi, tukashindwa kuishusha. Mnyororo uliolala kwa urefu wa sentimita 90 unalegea na kuanguka, uwekee kigurudumu cha kuukaza katikati.

M20 inasogea milimita 2.5 kila mzunguko, yaani sentimita 10 ni mizunguko 40. Si haraka, lakini mtoto anaweza.

HemaArusha

Na usiende kwa mitungi ya gesi ya viti vya ofisini, kuna jamaa hapa alijaribu. Ubao ulikuwa unazunguka na kunesa. Sina zaidi la kusema.

MamaSare_Temeke

Asanteni wote. Naelekea kwa skrubu. Maswali mawili: kimo napimaje, na je, nilaze ubao kidogo kuelekea kwa mshonaji? Nimesikia shingo inapata nafuu.

Laini_AthiRiver

Anza na kiti mama, si meza. Nyayo chini, magoti yamekunjwa vizuri, halafu mkono uanguke kando na kiwiko kikunjwe. Ubao uwe sawa na kiwiko au juu kidogo, kwa sababu ushonaji ni kazi ya macho pia, ukiweka chini sana shingo ndiyo inalipa. Mtu ashone dakika 10 ndio uamue, usipime akiwa amekaa kama anapigwa picha.

Kabla hujamshushia mfupi, angalia magoti yake. Chini ya ubao kuna trei ya mafuta na kile chuma cha goti cha kuinulia mguu wa kushonea. Unaweza kushusha ikafika kiwiko na paja likawa limebanwa.

Kulaza ubao kunasaidia shingo, ni kweli, digrii chache tu. Lakini ukilaza, mafuta kwenye trei yanakimbilia upande mmoja. Angalia ile mistari miwili ya kiwango ukishalaza. Na mikasi itateleza hadi mapajani, weka ukingo.

Chomelea_Gerezani

Ukiamua kulaza, weka bawaba mbele na vipande viwili vya chuma vyenye mashimo nyuma. Lakini mama, usiweke kila kitu kwenye meza moja ya majaribio. Kila kiungo kinachocheza ni mlango wa mtetemo.

MamaSare_Temeke (wiki 5 baadaye)

Wakuu, nimerudi. Meza ipo na inafanya kazi. Kulaza ubao nimeacha kwanza, nimemsikiliza Chomelea. Nilibadilisha mota nikaweka sevo, ile ya pedali ya waya sikuipata kwa bei yangu, kwa hiyo fimbo ya vipande viwili ndiyo inayotumika.

Binti anashona kwa sentimita 81, mama kwa 74. Ni mizunguko 28, nimeihesabu mwenyewe. Ili wasibishane nimepaka rangi ya kucha kwenye paipu, mstari mwekundu wa binti, mweupe wa mama, na kwenye fimbo ya pedali vilevile. Siku ya tatu binti alipandisha meza akasahau fimbo, ila alikuwa amezima umeme, kwa hiyo pedali ilisimama wima tu kama inamshangaa. Sasa swichi nimeihamisha, nimeifunga pale pale penye mkono wa kuzungushia. Huwezi kushika mkono bila kuigusa.

Bolti za kubana za Chomelea, ambazo nazo tuliziweka, ndizo zilizonifundisha adabu. Wiki ya kwanza tulikuwa hatuzikazi, tunaona uvivu, na mishono ya kola ikawa inayumba. Nilidhani ni sindano, nikabadilisha, nikadhani ni uzi. Kumbe meza. Tulipokaza, ikatulia.

Shingo ya binti imepoa. Mama bado anasema bega, ila si kila siku.

Kinachonikera ni vumbi la kitambaa. Linashikana na grisi ya mnyororo linakuwa kama ugali mweusi, kila Jumamosi nakwangua.

Nati_Mwanza

Punguza grisi, mama, weka mafuta mepesi kidogo ufute. Na funika mnyororo kwa bati jembamba, acha mdomo upande wa chini vumbi lidondoke. Overloki umeshazifanyia?

MamaSare_Temeke

Overloki bado ziko juu ya matofali, kaka. Mwambie mzee wa Mombasa nimemwibia.

Turubai_Msa

Tofali litapasuka. Weka mninga.