Mota inakatakata dakika ya pili hewani, na betri bado ina chaji

povu_na_bawa:
Wakuu, naomba msaada. Ndege yangu ya rimoti ni ya povu, mabawa sentimita 120, uzito gramu 950. Mota isiyo na brashi ya 2212, KV 1000 (mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti), ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) ya ampea 30, betri ya LiPo ya 3S (seli tatu mfululizo), 2200 mAh, 25C (kiwango chake cha kutoa umeme). Inapaa vizuri, ila kufikia dakika ya pili nikipandisha fimbo ya mwendo hadi juu mota inakatakata: inazunguka, inasita, inazunguka tena. Nikiishusha hadi nusu inatulia papo hapo. Servo zote zinaitikia muda wote. Ikitua betri inasoma volti 11.5, na mota ni ya moto, haishikiki. Propela ni 11x4.7 (kipenyo inchi 11), awali ilikuwa 10x4.5 (kipenyo inchi 10). Ninunue ESC nyingine?

FundiKoili:
Usinunue ESC bado. Dalili yako kubwa ni hiyo ya kutulia papo hapo unaposhusha fimbo. ESC ikizidiwa na joto haiponi kwa sekunde moja, inahitaji kupoa kwanza. Inayokata na kurudi mara moja ni kinga ya volti ndogo: betri inazama chini ya mzigo, ESC inapunguza nguvu, mzigo unapungua, volti zinapanda tena.

Hizo volti 11.5 ulizipima betri ikiwa imepumzika, kwa hiyo hazikuambii lolote kuhusu hali yake inapofanya kazi. Chukua betri yenye ukinzani wa ndani wa miliomu 20 kwa kila seli. Seli tatu ni miliomu 60, na ukivuta ampea 25 unapoteza volti 1.5 humohumo ndani ya betri. Ikiwa nzima, yenye miliomu 8 hivi kwa seli, ungepoteza 0.6 tu. Betri yako inaweza kuwa na chaji ya kutosha na bado ishindwe kuitoa.

Pima hivi. Funga ndege imara, simama nyuma ya propela, kamwe usikae ubavuni mwake. Weka mita ya wati kati ya betri na ESC, na kipima seli kwenye plagi ndogo ya kusawazisha. Tumia betri iliyokwisha kutumika hadi karibu nusu, kwa sababu ikiwa imejaa tatizo litajificha. Mwendo wote kwa sekunde 10, usizidishe. Andika ampea na volti za KILA seli. ESC nyingi husoma jumla tu, kwa hiyo seli moja inaweza kuzama hadi 2.7 huku wenzake wawili wakiibeba, na ESC isijue.

rubani_wa_umeme:
Naungana na Fundi, ila propela nayo isisahaulike. Mzigo hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha kipenyo: 11 gawa kwa 10 ni 1.1, na 1.1 kwa kipeo cha nne ni karibu 1.46. Inchi moja tu imeongeza mzigo kwa zaidi ya asilimia 40 kwa mizunguko ileile. Mizunguko itashuka kidogo, kwa hiyo ampea hazitapanda kwa kiasi hicho chote, lakini mota ndogo kama 2212 inaumia. Nyingi za ukubwa huo hazitakiwi kupita ampea 15 au zaidi kidogo, soma karatasi ya mota yako. Ikiwa moto hivyo, enameli ya koili huungua na sumaku hupoteza nguvu, na haziirudishi hata ikipoa.

waya_tatu:
Kabla ya kuiwasha, vua propela, chomoa zile waya tatu za mota, kisha gusanisha mbilimbili na uizungushe kwa mkono. Kila jozi inapaswa kukaza sawa. Jozi yoyote ikiwa laini, waya imekatika au lehemu imeachia. Ukishaiendesha, gusa pia plagi ya betri: ikiwa ya moto kuliko waya zake, lehemu ni mbovu.

Kwa wengine watakaopita hapa: mota ikipiga kelele kali na kuruka mara tu unapopandisha fimbo kwa ghafla, hiyo ni ESC kupoteza mpangilio na mota. Ongeza taiming (mpangilio wa ESC wa wakati wa kupeleka umeme kwenye koili) hatua moja. Ya mwenye mada siyo hiyo.

povu_na_bawa:
Nimepima. Jozi zote zinakaza sawa, plagi ni ya uvuguvugu tu. Ikiwa imepumzika: 3.85, 3.84, 3.79. Mwendo wote: ampea 21, seli 3.43, 3.42 na 2.72. Mota ikaanza kukatakata. Kikomo cha ESC cha kukata nimekiweka volti 3.2 kwa seli.

FundiKoili:
Jumla ni 9.57, kikomo chako ni 9.6. Ndiyo maana inakata. Seli ya tatu imepoteza volti 1.07 kwa ampea 21, yaani karibu miliomu 51. Imekufa, na kuisawazisha kwenye chaja hakutaifufua. Hizo mbili nyingine nazo zina miliomu 20, zimechoka, kwa hiyo usihangaike kubadilisha seli moja.

Rudisha 10x4.5 kwanza, kisha pima ampea upya ukiwa na betri mpya, maana betri isiyozama itaizungusha mota kwa kasi zaidi na ampea zitapanda kidogo. Ichaji kwa 1C, yaani ampea 2.2. Weka saa ya rimoti dakika 5, tua, pima: ukikuta chini ya 3.7 kwa seli baada ya kupumzika, punguza dakika. Isiporushwa kwa siku kadhaa ihifadhi kwenye 3.8 hadi 3.85.

Usishushe kikomo cha ESC hadi 2.8 ili ile ya zamani iendelee kuruka. Mota itaacha kukatakata, lakini seli ya tatu itashuka chini zaidi, ivimbe, na inaweza kuwaka siku utakayoirudisha kwenye chaja. Imalize chaji taratibu nje kwa taa ya gari ya volti 12, kisha ipeleke panapokusanywa betri chakavu.