Acheni kumwambia kila mtu "futa indeksi ujenge upya" kabla ya kusoma logi!

Wakuu, hili sasa limezidi. Mtu akileta tatizo la utafutaji kwenye programu yake, anajibiwa yale yale: futa indeksi (orodha ambayo utafutaji unaisoma), jenga upya. Hamuulizi logi (kumbukumbu ya matukio ya programu) inasemaje wala diski imebakiwa na nafasi kiasi gani. Anafuta, watumiaji wake wanakosa matokeo muda wote wa ujenzi, kisha kosa linarudi kwa sababu chanzo hakikuguswa.

Chukueni Elasticsearch, programu ya utafutaji. Kuandika kunagoma kwa kosa la cluster_block_exception (403 kwenye matoleo ya zamani, 429 kwenye mapya), kusoma kunaendelea. Hapo indeksi ni nzima, diski ndiyo imejaa! Kwa mipangilio ya kawaida, diski ikipita 85% nodi (seva moja ya kundi) haipangiwi vipande zaidi vya indeksi. Ikipita 90% vipande vinaanza kuhamishiwa nodi nyingine. Ikipita 95%, kila indeksi yenye kipande kwenye nodi hiyo inafungwa isiandikwe. Sasa unamshauri mtu ajenge indeksi nyingine kwenye diski hiyo hiyo?

Anza na df -h (inaonyesha nafasi ya diski), halafu GET _cat/allocation?v (inaonyesha vipande na diski kwa kila nodi). Ongeza diski au ondoa logi za zamani, ila ukifuta logi ambayo bado imefunguliwa na programu, nafasi hairudi mpaka programu iiachie. Kuanzia toleo la 7.4 kizuizi hujiondoa matumizi yakishuka chini ya 90%. Matoleo ya nyuma unakiondoa mwenyewe: index.blocks.read_only_allow_delete unaipa null. Kuna watu wanasafisha diski, 403 inabaki, wanafuta indeksi nzima kwa kukosa mstari huo mmoja. Inauma sana.

Na nyie wa "futa write.lock" (faili la kufuli linalozuia waandishi wawili kwenye indeksi), mnaharibu kazi za watu. Kwenye Lucene ya sasa (maktaba ya utafutaji iliyo ndani ya Elasticsearch) anayeshikilia kufuli ni mfumo endeshi, faili lenyewe linaweza kubaki hata baada ya programu kuzimwa na halina madhara. Ukiona LockObtainFailedException (kosa la kushindwa kupata kufuli), mara nyingi kuna mchakato wa zamani haujafa. Utafute kwa lsof (inaonyesha nani amefungua faili), uzime kwa utaratibu. Ukifuta faili huku mchakato uko hai, unakaribisha waandishi wawili kwenye indeksi moja, na hapo ndipo inapoharibika kweli.

Nyaraka zikipungua kwenye matokeo, linganisha _count (hesabu ya nyaraka kwenye indeksi) na idadi iliyoko kwenye hifadhidata. Ombi la _bulk (kutuma nyaraka nyingi kwa mara moja) hurudisha 200, yaani "sawa", hata kama nyaraka kadhaa zimekataliwa. Msimbo wako usipoangalia "errors": true na kukagua kila kipengele, hizo zinapotea kimyakimya. Sababu kubwa ni aina ya fildi (sehemu ya waraka, kama bei au jina): waraka wa kwanza ulileta namba, wa baadaye ukaleta maneno, ukakataliwa kwa 400. Ukijenga upya bila kutaja aina za fildi, waraka utakaotangulia ndio utakaoamua tena.

Kujenga upya kuna mahali pake, mfano ukibadilisha aina ya fildi. Hata hapo, jaza indeksi mpya pembeni, hakikisha hesabu, kisha hamisha jina mbadala (alias) ambalo programu yako inalitumia lielekee indeksi mpya. Ya zamani ifutwe mwisho.

Anayeomba msaada aweke toleo, mistari ya logi kuanzia kosa la kwanza kabisa, df -h na _cluster/health (hali ya kundi zima). Anayejibu bila kuviona hivyo akae kimya.